Lalamiko Rasmi Kuhusu Pasi ya Shemeji

Ndugu Shemeji,

Pamoja na heshima zote anazostahili kaka wa mke wangu, nakuandikia kiofisi kwa sababu kwa mdomo tumeongea mara nne, na mara zote ukaishia kunicheka.

Kama ujuavyo, seva ya maktaba yetu huazimisha vitabu, lakini tarehe ya kurudisha haijui kuikokotoa yenyewe. Huikimbilia ile klasi ya Java uliyoiandika kabla hujastaafu, kipande kidogo cha programu kinachoishi kwenye kompyuta yako, nyumbani kwako, chumba cha nyuma. Tulikubaliana ikae huko wiki moja tu. Huu ni mwaka wa sita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu ulichomoa kompyuta ili uchomeke pasi. Seva ikabisha hodi kwako, kimya. Foleni ikafika mlangoni, kila mtu kakumbatia kitabu chake. Mkuu wa maktaba akaniuliza, "Fundi, seva imekufa?" Nikamjibu ukweli: "Hapana, mama, shemeji ananyoosha suruali." Hakufurahi. Amesema ikisimama tena, nitahamishiwa getini nikakague mikoba, mimi na kitambi changu na goti bovu.

2. Jumatano uliirekebisha klasi bila kunishirikisha. Seva ilitarajia tarehe. Wewe ukairudishia "akimaliza kusoma". Una roho nzuri, Shemeji, lakini seva haina.

3. Kwa hiyo naomba uvae nguo zenye mikunjo, angalau siku za kazi. Umestaafu, nani anakuangalia?

4. Kwa usalama zaidi, harusi ya binti yako ifanyike hapo nyumbani bila taa wala muziki, watu wasije wakaitamani ile soketi ya kompyuta. Bibi harusi nimeshamweleza. Amelia kidogo, nadhani kwa kuelewa.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Msalimie mama watoto, bibi harusi akishanyamaza, na majirani wote wenye pasi.

Wako mtiifu,
Shemeji yako, fundi wa seva

Nakala: Mkuu wa Maktaba

N.B. Nilipofungua seva kutafuta ushahidi, niliikuta klasi yako humo humo, nakala niliyoiweka mwenyewe miaka sita iliyopita. Kumbe ulibaki mstari mmoja tu wa kuiambia seva itazame ndani badala ya kuja kwako. Nimeuandika, kazi ya dakika mbili. Piga pasi utakavyo, na muziki upigwe. Ila nakala ya mkuu imeshamfikia. Akikupigia simu, tafadhali sana, mwambie umeacha kupiga pasi.