Boti ya Mkunya na Waya wa Rajabu

Jumatatu, 12 Desemba 1994

Boti ya mwanangu Vitalis imejaa! Maji ya mvua ya jana yamepanda hadi chini ya viti. Wacheke sasa. Mwezi wa tisa ilipoletwa hapa Mkunya, Newala, juu ya lori, wanakijiji walishika mbavu, eti Mama Vitalis atavua korosho. Vitalis alisema siku hizi biashara ni ruksa, yeye atavusha watu Ruvuma. Akaenda Mtwara kutafuta injini. Bado anatafuta. Mimi nikaziba tundu la chini kwa kizibo, nikangoja mawingu. Huku kwetu maji unayafuata bondeni, unapanda na ndoo kichwani, goti linalia. Na mimi ninayo uani, boti nzima! Anayetaka aje na salamu nzuri.

Jumamosi wavulana tisa wanatoka jandoni. Mjukuu wangu Alfredi yumo. Jirani yangu Mwanaheri naye ana wake. Ametangaza bombani, kule bondeni, kuwa atawapa wageni soda baridi kutoka friji lake la mafuta ya taa. Akaongeza, mbele za watu, kuwa kwa Mama Vitalis watakunywa soda ya moto kama uji. Nimeandika nisisahau. Nisingesahau.

Botini kuna chumba kidogo, na chumbani kuna friji la umeme. Tutaona.

Jumanne, 13 Desemba

Rajabu wa banda la video ana jenereta, hatua thelathini tu kutoka botini. Nimemwomba umeme. Akauliza atapata nini. Nikamwambia mimi ndiye niliyemshika mama yake siku anamzaa, anataka nini tena? Akasema ndoo mbili za maji kila siku. Haya.

Kaja fundi umeme Nehemia, mtu wa Iringa. Shikamoo bibi, marahaba, mpole sana. Akaeleza kuwa boti ikiwa bandarini hulishwa umeme wa nchi kavu kwa waya. Nikamwambia hii yetu iko nchi kavu siku zote, itashiba mpaka ivimbiwe. Akacheka. Halafu akaona maji. Hakucheka tena. Akasema maji yote yatoke kwanza. Waya uwe mzima, si wa kuungaunga. Plagi ya upande wa boti ichomekwe kwanza, ya jenereta iwe ya mwisho. Friji peke yake, pasi na birika nisithubutu. Na ile swichi ndogo ya usalama ya ukutani ikijikata niiache, nimwite.

Kumwaga maji! Newala hii! Mtoto huyu hajapanda mlima na ndoo. Nimemwambia nimesikia. Kusikia nimesikia.

Alhamisi, 15 Desemba

Nimefanya mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilimaliza, cheti kipo ukutani. Friji nimelipandisha juu ya vinu viwili vilivyopinduliwa. Maji chini, friji juu, wanaheshimiana kama mtu na mkwewe. Waya wa Rajabu haukufika, nikauunga na waya wa redio, nikafunga kwa utepe wa kanga. Likanguruma! Nnungu wangu, raha!

Nikaona basi nichemshe na chai. Na shati jipya la Alfredi linataka pasi. Nikachomeka vyote. Tap! Swichi ikaanguka. Nikaipandisha. Ikaanguka. Nikaitukana, nikaipandisha. Mara ya nne jenereta lenyewe likazimika, na bandani wanaume wakapiga yowe: karate imekatika mguu ukiwa hewani. Rajabu akaja amevimba. Nikamuuliza kama na mama yake anaongea hivyo. Nikachomoa birika na pasi, naye akaliwasha tena.

Ijumaa, 16 Desemba

Nimeumwa na maji!

Asubuhi nachota, nimeingiza mkono tu, siafu mia kwa mpigo, mpaka begani. Ndoo kule, mimi huku, kanga sijui wapi. Swichi nayo: tap. Nikajua, Mwanaheri huyo! Katupa dawa botini. Nikasimama uani nikampa yake, na ya bibi yake.

Nehemia akaja mbio. Kiungo changu cha kanga kilikuwa kimezama majini. Akachomoa waya, akakaa chini. Akasema, bibi, hiyo swichi unayoitukana ndiyo iliyokuacha hai. Alfredi angetoka jandoni akute matanga.

Hapo nikaacha kumtukana Mwanaheri. Kidogo.

Akasema nichague, maji au umeme. Waya akaondoka nao. Nimechagua soda baridi. Kesho nachomoa kizibo, Nehemia aje aunge. Nimelia, lakini Mwanaheri hatanicheka.

Jumamosi, 17 Desemba

Nimeinama, mkono uko kwenye kizibo, naona miguu miwili. Mwanaheri. Sauti ya asali, eti shoga yangu Mama Vitalis. Pampu ya kijiji imekufa, mapipa ya watu makavu, na wavulana tisa wanangoja na uchafu wa wiki kadhaa. Hawavishwi nguo mpya bila kuogeshwa. Watoke jandoni wananuka?

Nikamuuliza kama maji ya bibi wa soda ya uji yatawafaa. Akasema yatawafaa. Nikamwambia alete ndoo, na abebe mwenyewe.

Wameoga wote, boti imekauka. Alfredi anang'aa! Kanipa shikamoo kwa sauti ya kiume, nikaitikia huku vumbi limeniingia machoni. Soda baridi ya kwanza Mwanaheri kaniletea mimi, kabla ya wazee. Nimeinywa polepole, ananiangalia.

Jumapili, 18 Desemba

Nehemia kaunga kwa waya mzima. Upande wa boti kwanza, jenereta mwisho. Friji linaimba. Akasema boti ibaki kavu hivi hivi. Ndiyo mwanangu, nikamwambia. Kijana mzuri, nitamtafutia mke.

Alipopinda kona, wingu likapanda upande wa Ruvuma. Jeusi, nene. Boti tupu chini ya wingu kama lile ni dhambi. Kizibo nimekirudisha, friji liko juu ya vinu. Birika nalo nimelichomeka, Mwanaheri anakuja kunywa chai. Swichi si ipo? Ifanye kazi yake.

Tena Nehemia alikataza yale maji. Yale Alfredi ameyaoga. Haya yanayokuja ni mengine.