Ombi la Msamaha kwa Colette, Aliyehukumiwa Kuchimba Vyoo Tshopo

Avenue ya Saba, Zone ya Tshopo
Kisangani, mwezi wa tisa 1982

Kwa Citoyen Mkurugenzi wa Chama cha Watu wa Kujitolea, Ubelgiji

Citoyen Mkurugenzi,

(Kama huko kwenu bado munaitana Monsieur, basi hesabu kwamba nimekuita Monsieur, ila barua hii usimwonyeshe mtu wa huku, neno hilo limekatazwa.)

Pokea salamu za mtu usiyemjua. Mimi ni Feruzi Amundala, chef wa avenue hii, na kazi yangu kubwa ni salongo. Kwa kuwa uko mbali, nikueleze. Salongo ni usafi wa mji ambao raia wote wanaufanya kila Jumamosi kwa furaha, na asiye na furaha anaitwa kwenye ofisi ya zone akaelezwe furaha ni nini. Kwangu mimi kila mtu ana kipande chake cha mfereji. Ukikosa kuja, kipande chako hakuna anayekigusa. Nyasi zinakungoja palepale mpaka urudi uzikate wewe mwenyewe. Sheria hiyo niliitunga mimi, na sijawahi kumwonea mtu huruma.

Bon. Sasa unajua kwamba anayekuandikia si mvivu wala mtetezi wa wavivu. Nakuandikia kumwombea msamaha binti yenu Colette, mliyemleta kwetu kuwasaidia wakimbizi waliotoka Uganda, pamoja na sisi wenyeji tuliowapokea. Anakaa kwangu. Wakimbizi wenyewe pia wanakaa kwangu, yaani Hemedi, fundi wa kushona, na mama yake mzazi. Kwa hiyo hakuna ninalolisikia kwa watu, yote nayaona kwa macho yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Colette anafanya salongo Jumatatu. Jumanne tena. Jumatano nilidhani amechoka, kumbe alikwenda tu kununua beleshi lingine, la kwanza lilivunjika mpini. Amechimba choo cha Mama Hemedi, amechimba cha jirani, amezibua mfereji wa shule, na hakuna aliyepiga ngoma wala kumsimamia. Citoyen Mkurugenzi, mimi nimesimamia salongo tangu ilipoanza. Nawajua watu. Hakuna binadamu anayeshika beleshi siku ya Jumatatu bila kutumwa. Nilimwuliza kwa upole amefanya kosa gani. Akacheka, akasema amekuja kwa hiari yake. Hiari hiyo naijua sana, ndiyo ninayoitangaza mimi kila Ijumaa jioni. Sikumsumbua tena. Mtu akiadhibiwa hana haja ya kuulizwaulizwa.

2. Kosa lenyewe hatulijui, na kutojua kunatuumiza. Mke wangu, Mama Marthe, anasema alikataa bwana aliyechaguliwa na baba yake. Hemedi anasema huyu alimjibu vibaya mwanajeshi, kwa sababu kwao hilo ndilo kosa linalomfikisha mtu mbali. Mimi nilifikiri wizi, lakini nilimwachia funguo za nyumba na hakuna kilichopotea, isipokuwa panya, ambao aliwatega. Ukiniambia kosa lake, nitalitunza moyoni. Kama ni dogo, nitakushangaa. Mtoto wa kike, peke yake, kutoka Ubelgiji mpaka Tshopo kwa meli ya mto na malaria mbili! Hata jaji wa hapa, ambaye hacheki na mtu, hajawahi kumtuma mtu mbali hivyo.

3. Huku kwetu gereza halipiki. Mfungwa anakula kile ambacho ndugu zake wanamletea, na asiye na ndugu analishwa na yeyote mwenye huruma. Colette hana ndugu hapa. Kwa hiyo avenue nzima imemchukua. Asubuhi analetewa chikwanga cha muhogo, mchana wali na maharage, jioni pondu, yaani kisamvu. Faustin, mvuvi wa kule Wagenia, anatoka maporomokoni na samaki amwachie mlangoni kwangu, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Colette anadhani huo ni ukarimu! Anamshukuru kila mtu, anakula vyote ili asimvunje mtu moyo, sasa suruali zimembana na Hemedi amezipanua zote. Naogopa sana jambo hili. Mkimwona amenenepa mtasema adhabu haijamwingia, mtamwongezea. Nakuapia haki ya Mungu, unene huo si furaha, ni huruma yetu.

4. Siku moja alitaka kutwanga pondu na Mama Marthe. Akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Majirani walimwona kupitia ua, wakaja wote kumshambulia mke wangu. "We Marthe, ndiyo aksanti yako kwa Mungu? Mutoto wa watu alihukumiwa vyoo, wewe unamuongezea na kinu?" Mke wangu alilia. Tangu siku hiyo haruhusu Colette ashike hata kijiko, na Colette anafikiri amemkosea, anamfuata jikoni kumwomba radhi, majirani wanachungulia tena. Nyumba yangu haina amani.

5. Mama Hemedi amekimbia vita, ameacha shamba na kaburi la mume wake, lakini mwanawe yuko naye, na jioni wanaongea lugha yao. Huyo mliyemtuma kumsaidia hana hata mmoja wa kuongea naye lugha ya kwao. Nakuuliza kwa heshima: kati yao wawili, mkimbizi ni nani? Mama Hemedi ameshajibu. Akipokea unga wa msaada anapima sehemu ya Colette kwanza, na usiku anamfunika kwa kitenge chake. Donc wewe unamtuma Colette amsaidie Mama Hemedi, Mama Hemedi anamsaidia Colette, wote wawili wako chini ya bati langu linalovuja, na mimi nasikia nina jina kubwa kwenye karatasi zenu, kwamba ni jamii iliyowapokea wakimbizi. Nashukuru kwa jina. Linavuja vilevile.

6. Hili ndilo baya kuliko yote. Salongo yangu imekufa. Watu wanakaa barazani wakisema, kwa nini tufagie wakati kuna aliyehukumiwa kufagia? Tuwaharibie wazungu hukumu yao? Na kuna raia mmoja, zamani Alphonse (kabla majina ya kizungu hayajapigwa marufuku), ambaye amemzika bibi yake yule yule Jumamosi nyingi mno ili asije kazini. Huyo sasa anakuja mapema! Nilifurahi, kumbe anataka aonekane fundi wa beleshi, ahukumiwe naye kwenda Ubelgiji. Alinivuta pembeni akaniuliza: "Chef, nikipiga mutu moja kofi, itatosha? Ao wawili?" Vijana wote wanataka kosa. Nitawaadhibu na nini, mimi, kama adhabu ndiyo wanayoitafuta?

Kwa sababu hizo zote naomba hukumu ya Colette ifutwe na arudishwe kwa mama yake haraka. Kama sheria yenu inadai lazima mtu alipe, nipo tayari kubadilishana naye. Nitakuja mimi na Alphonse. Nimesikia na ninyi mliwahi kuwa na vita na watu wakakimbia nyumba zao, kwa hiyo bila shaka kuna mzee fulani huko aliyebaki bila choo. Tutamchimbia. Jioni tutakaa naye tuongee. Nitafanya hata Jumatatu, ingawa sitaki hilo lijulikane hapa.

Nisalimie wote wa ofisini, na anayefagia hapo mlangoni mwambie nampa pole kama mtu wa kazi moja. Msalimie mama yake Colette, mwambie mwanawe ana nguo safi na hajalala njaa hata siku moja. Msalimie na jaji, kama ni mtu wa kusalimiwa.

Mimi wako katika usafi wa mji,

Citoyen Feruzi Amundala
Chef wa Avenue ya Saba

N.B. Nimelazimika kuongeza maneno haya kwa sababu anwani yenu sikuijua, nikampa Colette barua hii aiandikie bahasha. Alisoma amesimama, kisha akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Alicheka mpaka Mama Hemedi akatoka kuangalia. Halafu akalia, na Mama Hemedi akalia naye bila kujua sababu. Colette amenionyesha telegramu zenu. Kumbe muda wake uliisha tangu mvua za mwezi wa nne! Kumbe mnamwita arudi na yeye anakataa, anasema ngoja kwanza choo cha Mama Hemedi kipate mlango. Hakuna jaji. Hakuna kosa. Ilikuwa hiari kweli, hiari ambayo mimi nimeitangaza miaka yote hii na sikuwahi kuiona kwa macho.

Mlango wa choo umewekwa jana. Mimi mwenyewe, mjinga mimi, nilishika bawaba. Colette anapanda meli Jumamosi.

Donc futa yote niliyoomba hapo juu. Simwombei msamaha, namshitaki. Kosa lake ni kuingia kwenye nyumba ya watu, kumzoesha mama mzee kucheka, halafu kuondoka. Naomba hukumu mpya, ndefu, na itumikiwe papa hapa kwangu. Mama Marthe ameshatoa kinu nje, anasema majirani waseme watakavyo, atamfundisha kutwanga vizuri.

Na kama mtakataa, nakukumbusha kwamba Jumamosi ni salongo. Nitaita majina kama kawaida, na la kwake nitaliita. Hatakuwepo. Kipande chake ni kile cha mbele ya mlango wangu, na nimeshawaambia watu wote, hata Alphonse, kwamba hakuna wa kukigusa. Nyasi zitamngoja.