Malalamiko Kuhusu Maelezo Yako ya Miguu ya Binti Yangu

Kwa Daktari wa Mazoezi,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini u mzima na mikono yako ina nguvu, maana wengi wanaitegemea. Mimi ni yule fundi viatu, baba wa msichana wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo uliomkaza miguu. Nakuandikia kwa heshima zote ili kulalamika. Tangu siku ile ulipotukalisha ukatueleza hali yenyewe, nyumba yangu haijatulia.

Kwanza. Kwa miaka minane nilikuwa simsemeshi mama mkwe wangu. Alimtuma mke wangu sokoni akiwa na mimba ya miezi saba, jioni ile ile uchungu ukamshika, na mtoto alipokua miguu yake ikawa inapishana kama mkasi. Ushahidi ulikuwa kamili. Wewe ukachukua kalamu, ukachora ubongo, ukasema mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anaweza kuumia sehemu inayotuma habari miguuni. Kwamba misuli inaambiwa “kaza” na haiambiwi “legeza”. Na kwamba safari ya sokoni haihusiki kabisa. Mama mkwe, ambaye mke wangu alimleta bila idhini yangu, alilia pale pale kitini. Sasa anakuja kwetu kila Jumapili na kuondoka Jumatano.

Pili, majirani. Zamani kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu mafuta ya kuchua, yule kumfukia mtoto mchangani mpaka kiunoni. Tulikuwa na mazungumzo. Siku hizi wakiniuliza najikuta nawajibu kwa kirefu kwamba haiambukizi na wala si laana. Seremala jirani yangu aliniuliza, “Kama ni ubongo, mbona anamshinda mwanangu hesabu?” Nilimweleza kwamba kilichoumia ni njia ya kwenda miguuni, si akili. Tangu hapo hajaniazima nyundo.

Tatu. Uliniagiza nimnyooshe miguu asubuhi na jioni, kwa kuwa mifupa inarefuka na misuli iliyokaza inachelewa kuifuata. Mimi nimezoea ngozi. Ngozi ikikaidi unailowesha, unaigonga, inaelewa. Mguu wa binti yangu ukiuvuta kwa pupa unazidi kukaza; sharti uushike na usubiri mpaka ukubali wenyewe. Nimejifunza subira hadi imenifuata kazini. Wateja wameigundua na wanaitumia vibaya.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Nilimbeba mgongoni kwenda shule miaka mitatu. Wewe ukampa fremu yenye magurudumu ya kushikilia akitembea. Njia ninayoimaliza kwa dakika kumi, yeye anaimaliza kwa arobaini, nami niko nyuma yake. Mwezi uliopita aliniambia, “Baba, kaa mbali kidogo. Unanihemea shingoni.” Langoni mwa shule akaanguka. Nikakimbia. Akasema bila kuinua uso, “Ngoja. Nikitaka mkono nitaomba.” Hakuomba. Nilisimama na mikono yangu miwili, watu wakinitazama kama baba asiye na huruma, mpaka akainuka mwenyewe akajipangusa magoti. Daktari, nina miaka arobaini na sita na mgongo wangu hauna kazi. Hukuniambia kwamba hilo nalo litauma.

Tano. Alipozoea kusema anachotaka, akamwendea mwalimu mkuu kumweleza kwamba ngazi za kwenda darasani zinamchosha kabla ya somo la kwanza. Alieleza vizuri, kwa maneno yako. Darasa zima likahamishiwa chini, na ofisi ya mwalimu mkuu ikapandishwa juu. Mwalimu mkuu ana magoti mabovu. Tukikutana barabarani salamu yake ni fupi.

Kwa hiyo naomba ufike nyumbani utangaze kwamba ulikosea, umrudishie mama mkwe hatia yake kwa maandishi yenye muhuri, uichukue fremu, majirani waruhusiwe kurudi na mafuta yao, na mwalimu mkuu ashushwe. Ikiwa hayo hayawezekani, niandikie na mimi mazoezi: ya kusimama bila kufanya kitu.

Wasalimie wenzako wote, pamoja na mama wa mapokezi anayetutafutia faili bila kununa. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu mara mbili. Binti hajui kwamba naandika.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye adabu,
Fundi Viatu

Baada ya sahihi: Jana mwanamke mmoja aliniletea viatu vya mwanawe wa miaka mitatu. Vimelika ncha tu, visigino vipya kabisa. Nilimuuliza kama mtoto anatembelea vidole, na kama alizaliwa kabla ya siku zake. Akaitikia yote mawili, kisha akaanza kunieleza mabaya ya wifi yake. Jumanne nafunga kibanda niwalete mwenyewe, saa mbili asubuhi. Tafadhali waeleze kama ulivyotueleza sisi, polepole, na ule mchoro. Wifi naye anakuja. Muwekee kiti.