Punje za Gavana Whitcombe

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimempata rais! Uchaguzi bado miaka mitatu na ushee, lakini nimempata. Ni Gavana Thayer Whitcombe, wa jimbo moja la milimani lenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura. Mrefu. Meno safi. Amekula kipande cha pili cha pai ya cheri pale mkahawani bila kubembelezwa. Mtu wa namna hiyo hazuiliki.

Nikamnong'oneza mke wangu, Ardith, kwamba tumemwona kiongozi wa nchi. Akauliza huyu ni wa nne au wa tano. (Ni wa sita.)

Marlys Oldenkamp alikuwepo, angekosaje. Zamani mgombea mmoja asiyejulikana alilala kwenye kochi la Marlys, kisha akawa rais. Tangu siku hiyo mwanamke huyu hasemi maneno matatu bila kochi kuingia. Amelifunika nailoni, halikaliwi. Akamkagua gavana wangu toka viatu hadi nywele, akasema, "Lowell, huyo hafiki hata Krismasi." Mkahawa mzima ukacheka.

Nimeuza bima mji huu maisha yangu yote na sijawahi kuwa wa kwanza kujua chochote. Hata ofisi yangu ilipoungua, niliambiwa na Marlys. Mara moja tu, kabla sijafa, nataka kuwa wa kwanza.

Jumanne, 15 Julai

Brynn, msaidizi wa gavana, amepiga simu. Gavana bado "anatafakari tu". Ila anaitazama kwa jicho kali kura ya punje kwenye maonyesho ya kaunti yetu. Kura yenyewe si ya serikali. Kila mgeni hupewa punje moja ya mahindi, akaitumbukiza kwenye debe la mgombea amtakaye. Lakini hapa ni Iowa, ambako kila mgombea urais huja kujaribiwa kwanza, na waandishi wa habari hawana kazi nyingine mwezi Julai. Gavana akishinda, atarudi. Akirudi, atahitaji mwenyekiti wa kampeni katika kaunti, na mahali pa kulala. Nikasema kochi ninalo. Nikaenda kulipima. Miguu itaning'inia. Nitaongeza kigoda.

Tatizo: hakuna anayemjua. Kinyozi anamwita "yule wa pai".

Meza ya punje ni ya Arlo, kaka yake Ardith. Mkulima, mjane tangu Janelle alipofariki mwaka juzi. Haongei sana. Meza hiyo ndiyo sikukuu yake. Madebe ni yale ya zamani ya maziwa, ameyapaka rangi mwenyewe na kuyafunika, yana tundu tu juu, mtu asione nani anaongoza hadi Jumamosi. Kila anayekuja humwekea punje kiganjani na kumwambia, "Moja tu, na Mungu akuongoze." Hata mimi shemeji yake hajawahi kunipa mbili.

Nimekaa nikawaza. Wazo limekuja. Si zuri, lakini sikuliita.

Jumatano, 16 Julai

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Nilikwenda kwa Arlo kuazima ngazi. Akanielekeza bandani, yeye akabaki nje anafunga lango. Banda giza totoro. Taa iliungua wakati wa msiba na hajaibadilisha. Nyuma ya trekta nikapapasa gunia, nikasikia mahindi, nikajaza chupa yangu ya kahawa hadi shingoni na kuifunga. Nikatoka na ngazi, uso wa malaika.

Arlo akanipa mahindi mabichi nimpelekee dada yake. Akasema tuonane Jumapili kwenye karata, kama kawaida. Huwa namwibia karata. Sidhani anajua.

Nyumbani nikakuta kiganja chekundu. Rangi ya mlango wa banda, haijakauka. Ardith akauliza ni nini. Nikasema juisi ya viazi sukari, vile vyekundu. Akasema hatuna viazi sukari.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi yote nimezunguka ile meza na chupa kwapani. Arlo haondoki! Nimekula nyama ya nguruwe ya kijiti mara mbili, kwa ajili ya kuonekana nina shughuli.

Mchana tarumbeta ikalia, nguruwe wanapimwa. Arlo na Janelle walikuwa hawakosi. Akasimama, akatazama huku na huku, akaniona. Uso ukamlainika. Akasema, "Shemeji, nishikie meza kidogo. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani. Nilitamani angesema kitu kingine.

Alipogeuka tu, nikakaza mdomo wa chupa kwenye tundu la Whitcombe na kumimina. Sauti ya mvua kwenye bati. Marlys akatokea, akaomba kahawa. Nikasema imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli.

Arlo aliporudi alinishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Umati, waandishi wawili, Brynn na simu yake juu anarekodi. Arlo kavaa shati alilonunuliwa na Janelle. Akamimina debe la kwanza mezani: punje za njano. La pili: njano. Akashika la Whitcombe, akalisikia zito, akatabasamu, akasema kumbe watu wamempenda. Akamimina.

Rangi ya waridi! Rundo la waridi kali, na punje chache za njano zimeona haya katikati.

Hakuna mtu kaunti hii, hata mtoto wa chekechea, asiyejua mahindi ya waridi ni nini. Ni mbegu za kupanda, zimepakwa dawa. Haziliwi, hazichezewi, hata kuku hapewi. Hapo ndipo nilipouelewa mkono wangu: haikuwa rangi ya mlango. Mkulima mmoja akamvuta mwanawe mbali na meza.

Marlys akasema, taratibu, karibu kwa huruma, "Arlo, si ndizo mbegu ulizopanda wewe mwaka huu?"

Arlo akaokota punje moja, akaigeuza. Akaangalia madebe. Kisha akaniangalia mimi. Akaendelea kuniangalia. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa mkono tu, kuuinua. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe.

Akasema, "Meza ni yangu. Kosa ni langu."

Kamati ya maonyesho ikamvua meza papo hapo. Amepewa Marlys. Arlo akayapanga madebe yake kwenye gari moja moja, na hakuna aliyemsaidia. Hata mimi. Hasa mimi.

Brynn akapiga simu kabla sijafika nyumbani. Alisema gavana hajawahi kusikia jina langu, na ameamua kutafakari nyumbani kwake na familia. Hakufika hata Agosti.

Jumapili, 20 Julai

Arlo hakuja kwenye karata. Kiti chake kilikaa pale, na sahani, kwa sababu Ardith hakutaka kuiondoa.

Jioni akasema atampelekea kaka yake tambi za kuoka na kahawa. Kabla sijaruka, alikuwa ameimimina kahawa kwenye ile chupa. Ikageuka nyekundu kama juisi. Akaiangalia. Akaangalia kiganja changu, ambacho bado kina wekundu kwenye mistari. Nilingoja anipigie kelele. Laiti angepiga. Alisema tu kwamba Arlo amemzika mke, na sasa jina lake, na mara zote mbili mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimevaa tai.

Akaondoka na tambi. Chupa akaitupa. Nimekaa na karata peke yangu. Hata kujiibia sikuweza.

Najuta. Naandika kwa herufi za kawaida ili lisionekane la maigizo. Najuta.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda. Arlo alikuwa barazani, anakwangua majina ya wagombea kwenye madebe. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye historia ya uchaguzi ndani yake. Ikapotea. Nikasema, "Shemeji, ni mimi."

Akasema, "Najua." Akaendelea kukwangua. Akasema alijua tangu Jumamosi, kama anavyojua kuhusu karata. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema hamtaji mume wa dada yake mbele ya watu. "Nilingoja uinue mkono, Lowell. Nikaona umeutia mfukoni."

Nililia. Mtu mzima, mwuza bima. Arlo akanipa kitambaa cha kupangusia rangi, ndicho kilichokuwa karibu. Akasema kamati inakutana Alhamisi, na kama nina la kusema, hapo ndipo pa kulisema. Nikaapa. Kwa jina la Janelle nikaapa! Akatikisa kichwa, sikujua maana yake. Ila alinisindikiza hadi garini.

Usiku huu Ardith amenipa chai. Maneno bado, lakini chai amenipa.

Jumanne, 22 Julai

Hotuba ya Alhamisi tayari. Fupi, ya kiume: Arlo hana kosa, mkosaji ni mimi, mrudishieni meza. Nimeisoma mbele ya kioo nikajipenda kidogo.

Saa nne simu ikalia. Seneta Lorraine Achterberg! Anatoka pwani, sauti ya kinanda, anafikiria kugombea. Anakuja Alhamisi hiyo hiyo. Anatafuta nyumba ya kukutania na majirani, kwa mtu wa heshima zake, asiye na doa. Mimi! Marlys hajui bado. Wa kwanza kujua ni mimi!

Nimepima mambo kwa utulivu. Nikiungama Alhamisi, doa. Seneta atakwenda kwenye kochi la nailoni. Lakini nikingoja kidogo, tuseme hadi masika, nitakuwa mwenyekiti wake wa kaunti, na toba ya mwenyekiti ina uzito kuliko ya mwuza bima. Kwa kweli ni kwa faida ya Arlo. Ataelewa. Arlo huelewa kila kitu.

Ardith nitamweleza baadaye, akishaanza kuongea.

Shida moja tu: majirani watakaa wapi? Viti vyetu havitoshi. Arlo ana vile vya kukunja vya msibani, vimo bandani, nyuma ya trekta. Sitamsumbua. Kesho ataenda mjini, nitapita mara moja.

Safari hii nitachukua tochi. Mtu hujifunza.