Achari ya Siku Tano

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amekubali kuhama ile nyumba yake ya ngazi nyingi. Magoti yamegoma. Atahamia kwetu, chini kabisa pasipo ngazi, au kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Jumapili anakuja kula kwetu, kisha ataamua.

Mwanyumba ameshapaka chumba rangi. Amenunua na kiti cha kuegemea. Mtu hana haya!

Mimi nina silaha. Mama hali nyama tangu ujana, aliizoea hali hiyo kwa majirani zake Wahindi. Mke wangu anasema siku hizi anatamani vitu viwili tu: bajia za viazi na achari ya ndimu. Basi! Kwani ndimu zina nini cha kumshinda mtu mzima?

Tangu binti yetu aolewe, humu ndani kinachoongea ni saa ya ukutani. Mama hucheka utani wangu. Namtaka mimi.

Jumanne, 4 Machi
Ndimu thelathini, nimezikata vipande vinne vinne. Chumvi, bizari, pilipili. Chupa tatu. Mke wangu akasema achari hukaa juani mwezi mzima. Nikamweleza kwamba hayo ni mambo ya watu wasiojua kutumia akili. Nikazipanga ndani ya gari, nyuma ya kioo cha mbele, jua linapochoma hasa.

Sikumwambia. Akaondoka nalo kwenda kazini zahanati. Akafunga breki njia panda.

Amewahudumia wagonjwa siku nzima akiwa na sare nyeupe iliyogeuka njano. Anasema watatu walimwambia wamesikia njaa ghafla. Nikasema hiyo ni dalili njema. Akanirushia sare nikaifue.

Jumatano, 5 Machi
Ndimu nyingine. Leo nimetumia oveni. Muuza viungo alinipa mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, akasema nitie kiasi cha punje ya dengu. Nikaona ananibania. Nikatia kijiko.

Kufikia saa sita mchana jirani wa mlango wa pili alikuwa amemwita fundi wa gesi. Fundi alipekua jengo zima kutafuta bomba linalovuja. Akashuka pia Mwalimu, jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu wa hesabu, Mhindi aliyepika vitu hivi maisha yake yote. Alinusa mara moja tu mlangoni.

"Jirani, umemwaga mvuje."

Nikakana. Nikasema ni mtaro. Akasema mtaro una adabu zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Dirishani kwa Mwalimu kuna safu ya chupa za achari, kila moja na tarehe yake. Kuomba ni kukiri kushindwa. Nikajitolea kumtengenezea rafu ya jikoni.

Alikaanga bajia huku nikipiga misumari. Jicho langu halikulala: viazi vyembamba, unga wa dengu uliokorogwa mzito kama rangi ya mlango, kotimiri, mafuta yawe yamepata moto kweli. Alipogeuka kuziopoa, chupa moja ya dirishani ikaingia kwenye mfuko wangu wa vifaa. Siwezi kueleza ilivyoingia.

Mlangoni akanishukuru, akanipa chupa ya achari. Zawadi!

Ya kwanza singeweza kuirudisha bila maelezo. Nimeshuka ngazi na chupa mbili na uso wa moto. Jioni nimebandua karatasi zake, nikaandika jina langu. Mwandiko umependeza.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu amemwalika Mwalimu kesho. Kwa wema tu! Ndivyo nyumba zinavyovunjika.

Jumapili, 9 Machi
Bajia sita za kwanza zilikuwa makaa. Zilizofuata zilikuwa bajia, naapa. Mwanyumba alimleta Mama kwa gari lake, akakaa kula bila kuambiwa.

Mama akaonja achari, akafumba macho. Mwanyumba akaniuliza imekaa juani muda gani. Nikasema siku tano. Mwalimu akaweka bajia yake chini, akasema polepole kwamba jua la upande wetu huwa kali sana.

Mungu ambariki. Ningenyamaza hapo! Nikaanza kueleza mbinu zangu za jua.

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, hii ni ya mwaka. Na aliyeitengeneza ni huyu mwenzangu. Tangu nianze kula anatazama kijiko changu. Wewe unatazama uso wangu."

Nikakiri. Gari, oveni, mfuko wa vifaa, yote. Shati lilinilowa. Mwalimu akasema anajua. Chupa zake huzihesabu. Ile ya pili alinipa ili nisishuke ngazi nikijiona mwizi.

Mke wangu alinitazama kama siku ile tuliyochumbiana, au kama mtu anayejizuia kucheka.

Mama hakujizuia. Alicheka mpaka akatafuta kitambaa. Kisha akamgeukia mwanyumba, akamwambia kwa upole kabisa, "Kiti chako kizuri sana, baba. Kilete huku."

Jumatano, 12 Machi
Mama amehamia. Asubuhi nzima yeye na Mwalimu wamekata ndimu mezani kwangu, wakicheka. Mimi nimekatazwa kusogea.

Fundi wa gesi alipita kukagua tena, akasikia habari za Mama, akaniuliza nilimvutaje ahamie kwetu. Nikamwambia ni utaalamu. Neno lile lilinikaa vizuri mdomoni. Nimebandika tangazo ngazini: Jumamosi saa nne, darasa la kachori za dengu, kwa njia ya mkato, na mtaalamu.

Sijawahi kupika kachori. Lakini ni donge na shimo la kujazia dengu, ugumu uko wapi?

Watano wamejiandikisha. Wa kwanza, kwa mwandiko ulionyooka kama rula, ni Mwalimu.

Nilijua tu kuna kitu hajui.