Stoo Itakuwa Tupu Jumamosi

Tarehe 9 Juni, Jumatatu

Leo nimeahidi. Nimeahidi mbele ya watu watatu, na mimi nikiahidi nimeahidi.

Ilianza kwenye chai. Mjukuu wangu, tunayemwita Sindano kwa sababu anashona tangu meno ya utoto hayajamtoka, amepata kazi. Sare za shule ya watoto wadogo, zote, mwaka mzima. Mwenye kazi ni mama wa duka la vitambaa pale njia panda. Ila anataka fundi mwenye chumba cha kuweka vyerehani viwili, na chumba kiwe tayari Jumamosi. Sindano akasema, kwa sauti ya chini, kwamba rafiki yake anapanga upande wa pili wa mji na kwake kuna nafasi. Labda ahamie huko.

Kijiko kikanitoka mkononi.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, mwanamke msafi mpaka anaudhi, akasema chumba kipo hapahapa. Stoo. Akanitazama. Mwanangu akaitazama chai yake.

Stoo ni yangu, na vilivyomo ni vyangu. Mkwe anataka aite mkokoteni, vyote vikatupwe, jongoo na mti wake. Nikamwambia bibie, hakuna jongoo humo. Redio ya marehemu mume wangu ni nzima, haisemi tu. Chupa tatu za chai ni nzima, hazitunzi joto tu. Mifuniko kumi na minne ni mizima kabisa, sufuria zake ndizo zilizokufa.

Lakini Sindano akiondoka nani atanisuka? Nani ataniambia nimevaa gauni ndani nje? Mkwe huona akanyamaza, kwa adabu. Adabu yake itakuja kuniaibisha sokoni.

Nikasimama. Nikasema Jumamosi saa sita mchana nitakabidhi chumba kitupu, sakafu inang'aa, mtu alale chali anyooshe mikono na miguu. Mkwe akauliza kama nina hakika. Shule sikwenda, lakini neno langu halihitaji mhuri.

Hata daftari hili ni la Sindano la darasa la tatu. Walitaka kulitupa na kurasa zake safi. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, wakati huo ana miaka minane, akinigonga vidole kwa rula nikikosea. Mtoto kama huyo humwachii akapange.

Tarehe 10 Juni, Jumanne

Mpango: sitatupa, nitagawa. Kutupa ni kazi ya wavivu.

Nimevaa gauni la kijani na viatu vya kufunga. Nimeanza na fundi viatu wa kona. Nikampa redio. Sasa, kitu cha marehemu hakitolewi kama ganda la ndizi, kinataka maneno. Nikamwambia kwamba mimi sihitaji tena, achukue, aitunze, na kila akiitazama anikumbuke. Fundi akavua kofia. Akabaki na nyundo mkononi, macho yamemlowa. Kumbe kijana wa watu ana shukrani kiasi hiki na sisi tunambana bei ya soli.

Nesi mstaafu wa nyumba ya bluu nimempa pasi ya mkaa. Maneno yaleyale. Nikaongeza kwamba nayaweka mambo yangu sawa mapema, sitaki kuwaachia watoto mzigo. Akanishika kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu, huku anatazama saa yake. Nadhani alikuwa na safari.

Nikamaliza kwa Bi Pazia. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na jina amelipata kwa haki, maana anaishi nyuma ya pazia akitazama ya wenzake. Alipoona chupa ya chai akanikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba kwa anavyojitembeza yeye, tungekuwa tumeshajua ni kipi. Tukacheka kidogo, kila mmoja kwa meno yake. Kisha nikampa maneno yangu. Uso ukambadilika. Akauliza kama ninakula vizuri. Akaniita dada. Miaka ishirini na sita hajawahi kuniita dada.

Vitu kumi na viwili vimetoka. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi. Mkwe alipita mlangoni mwa stoo, akachungulia, akainua nyusi. Nimezihesabu zote mbili.

Tarehe 11 Juni, Jumatano

Sikujua ninapendwa hivi.

Wamekuja tangu asubuhi. Fundi viatu na mkewe wameleta blanketi zito. Nesi ameleta fimbo ya kutembelea, beseni la chini ya kitanda na kiti kilichotobolewa katikati. Sikuelewa kiti, lakini ni imara. Bi Pazia ameleta chupa ya chai mpya, inayotunza joto. Wengine mito, wengine masufuria. Mwenye genge ameleta stuli mbili.

Wanaingia kwa kunyata. Wanaongea polepole kama wanaogopa kumwamsha mtoto aliyelala. Nikicheka wanatazamana. Mmoja alinisifu kwamba nina moyo wa ajabu, kucheka wakati kama huu. Nikamwambia wakati wowote nacheka.

Kukataa siwezi. Mkono mtupu haulambwi, nao wameijaza mikono. Nimeviweka stooni, kwa muda tu. Vilitoka kumi na viwili, vimeingia ishirini na kimoja. Mkwe alisimama mlangoni akashindwa kuingia. Nikamweleza kwamba hii ndiyo tofauti kati yangu na yeye. Yeye akitupa vitu anapata nafasi. Mimi nikitoa napata watu.

Akasema Sindano hahitaji watu, anahitaji mita tatu kwa tatu.

Sindano amenisuka leo bila kuongea. Amepima ukuta wa stoo kwa utepe wake, mpaka alipogota kwenye kiti cha nesi. Akaukunja. Sikupenda alivyoukunja.

Tarehe 12 Juni, Alhamisi

Wifi yangu amefika. Dada wa marehemu mume wangu. Kapanda basi la alfajiri, kaja na godoro kichwani na kilio kimemtangulia. Alianza kulia getini. Akalia ukumbini. Akafika stooni akanikuta juu ya meza, nimebeba sanduku, ninaimba.

Kilio akakiacha katikati ya neno.

Akauliza ninafanya nini huko juu. Nikamuuliza analilia nini huko chini. Akasema ananililia mimi. Ameambiwa nimebakiza siku chache, nagawa urithi kwa mikono yangu. Ameacha kuku wake kwa jirani asiyejua kuku, na amekuja na godoro kwa sababu msibani magodoro hayatoshi.

Ndipo nikaelewa kofia ya fundi. Nikaelewa na saa ya nesi. Kiti nimekielewa pia, na nimekasirika.

Wifi naye amekasirika. Amesema si ungwana kumtoa mtu mbali hivyo halafu umpokee juu ya meza. Nikamwomba radhi kwa kuwa mzima. Watu wa nyumba hii tukawaambia amekuja kusalimia tu.

Nikaenda kwa Bi Pazia kwa hatua zinazosikika. Nikamuuliza ni nani aliyeniua. Hakukana. Akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyepita mlango kwa mlango nikiaga kama abiria. Tena akasema kilio alicholia juzi alikilia kwa moyo, na sasa hajui akipeleke wapi. Hilo lilinigusa. Nikamwambia akiweke, siku ipo.

Nilitaka kwenda kusema ukweli nyumba hadi nyumba. Nikafika getini, nikasimama, nikafikiri. Ni nani anayeweza kukataa kitu anachopewa na mgonjwa?

Kichwa hiki kingekwenda shule, wangekoma.

Tarehe 13 Juni, Ijumaa

Naandika kwa mpangilio, maana siku hii ni kubwa.

Asubuhi mkwe na mwanangu walikwenda kazini, Sindano akaenda dukani kwa mama wa vitambaa. Nikajilaza kwenye kochi la ukumbini na blanketi la fundi. Sikusema ninakufa. Nililala tu. Mtu kulala kwake si uongo.

Wifi nilimpa kazi ya kuleta vitu. Alikubali kwa kununa, kisha akanogewa. Kila mgeni aliyeinama kunisalimu aliondoka na mzigo. Mifuniko yote kumi na minne imekwenda, mmoja mmoja, kila mtu na ukumbusho wake. Sanduku lisilo na mshipi amelichukua mwenye genge kwa mikono miwili. Miavuli iliyobaki mifupa ameichukua mke wa fundi. Bi Pazia alikuwa anajua, na bado alikuja. Nikamkabidhi gunia la chupa tupu mbele za watu. Akanitazama kwa macho ya kisu. Akasema asante dada. Angefanyaje?

Saa tisa alasiri sakafu ya stoo ilionekana. Nyekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba ni nyekundu. Mpango wangu bora kuliko yote.

Saa tisa na nusu nikasikia mtu analia nyuma ya nyumba. Sindano. Amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, utepe wake umelala mapajani.

Alikuwa ameambiwa njiani. Watu watatu walimpa pole kabla hajafika nyumbani. Ya kwanza hakuamini. Ya pili akasimama. Ya tatu akageuza njia, akarudi dukani, akamwambia mama wa vitambaa amtafute fundi mwingine, maana bibi yake hana siku nyingi na yeye atakaa kumwuguza. Akanilaumu kwamba ningeweza kumwambia. Akasema hata nikifa siku moja nisianze kwa kuwaambia majirani.

Sijui kama moyo huanguka, lakini kitu changu kilianguka.

Nikamwambia ninakufa kwa uzito wa mifuniko tu. Hakucheka. Basi nikatupa blanketi nikatoka. Sikuvaa viatu. Nimepita mtaa mzima peku, mbele ya fundi, mbele ya nesi, mbele ya mwenye genge na sanduku langu mlangoni. Nesi alinifuata hatua kadhaa, akashindwa mwendo. Watu walisimama. Waache wasimame, miguu hii ina miaka sabini na mitatu na leo imepita baiskeli.

Mama wa vitambaa alikuwa ameshashika simu kumpigia mwingine. Nikamwomba aiweke chini. Nikamwambia mimi ndiye maiti. Nikamwambia mjukuu wangu hajakosa neno, aliyekosa ni mimi, tena nimekosa kwa akili nyingi. Chumba kitakuwepo kesho saa sita. Akanitazama miguu. Akasema kazi bado ni ya Sindano, lakini kesho saa sita atapita mwenyewe.

Nimerudi na miiba miwili. Sindano ameitoa kwa sindano yake. Bado hajanisemesha, lakini miguu aliipulizia.

Tarehe 14 Juni, Jumamosi

Wamerudisha.

Tangu saa mbili asubuhi wanapanga foleni getini. Fundi na redio. Nesi na pasi. Mifuniko yote, hata mmoja haukupotea. Wanasema zawadi ya mwendazake hailiki mwenyewe akiwa anakimbia barabarani. Nikawaambia basi chukueni na vyenu, blanketi, stuli na kile kiti. Wakakataa. Cha mgonjwa hakinyang'anywi, wakasema, hata akipona vibaya. Bi Pazia aliliangusha gunia la chupa mlangoni kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tujuane. Wifi naye ameondoka na basi, godoro ameacha. Amesema hatabeba godoro la msiba akarudi nalo kwa kuku wazima.

Saa tano na nusu mlango wa stoo ulikuwa haufungiki.

Saa sita kasorobo mkokoteni ukasimama getini na vyerehani viwili. Mwenye mkokoteni akauliza aingize humu au avuke mji. Sindano akautazama mlango wa stoo, akanitazama. Akafungua mdomo kumwelekeza njia. Mkwe alisimama mikono kiunoni.

Nikamwambia mwenye mkokoteni anifuate. Nikafungua chumba changu. Dirisha kubwa, mwanga wa asubuhi na wa jioni, kuliko vyumba vyote vya nyumba hii. Mwanangu nikamwambia ashike kitanda huku. Dakika kumi. Nguo zangu ni chache, sijawahi kuwa mtu wa kurundika vitu.

Mama wa vitambaa alipofika alikuta vyerehani viwili chini ya dirisha na sakafu inang'aa. Akasema hiki ndicho chumba. Niliahidi chumba kitupu saa sita. Nani alinisikia nikisema kipi?

Sindano alinikumbatia mpaka vishikizo vikanichoma. Akanong'ona kwamba nimevaa gauni ndani nje. Mkwe akageukia ukutani akasema vumbi limemwingia machoni. Katika nyumba yake. Vumbi.

Mimi nimehamia stooni. Kitanda hakikupita mlangoni, lakini godoro la wifi limekaa vizuri juu ya masanduku.

Tarehe 15 Juni, Jumapili

Nimelala kama malkia, karibu na dari. Nimeamshwa na cherehani cha Sindano upande wa pili wa ukuta. Sijawahi kusikia saa ya kuamshia nzuri kama hiyo.

Mtaa mzima unanizungumza. Bi Pazia amekuja kwa mlango wa mbele, si kwa dirisha. Baada ya kuzunguka sana akakiri kwamba na kwake kumejaa, hajui aanzie wapi, na kwamba mimi angalau nilitoa chumba kizima kwa wiki moja. Nikamkaribisha kwenye stuli. Sikujivuna. Nilimweleza tu kwamba haya mambo ni kipaji.

Nimempa neno moja la hekima: asitupe kitu chochote kabla hajakileta nikakitazama.

Saa kumi ameleta kabati. Halina milango. Lakini milango miwili ya kabati ninayo.