Kadi ya Gemu Mezani pa Mavuno

Gerson alimwona yule mzee kama mwewe anavyoona kifaranga. Ilikuwa Jumamosi, nje ya maduka ya kompyuta ya Mwanjelwa. Mzee alivaa koti jipya, kikaratasi mkononi, akinung'unikia bei peke yake. Iringa walikuwa wameshamchoka Gerson. Hapa Mbeya alikuwa na wiki tatu tu. Uso wake ulikuwa mgeni bado, na kwa kazi yake uso mgeni ndio mtaji.

"Shikamoo baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natafuta kompyuta ndogo ya dukani kwangu Chimala. Mchana ichape barua na kadi za harusi, jioni vijana wacheze mpira wa kwenye kioo. Vyote nimeshanunua, imebaki kadi ya gemu. Wananitaka laki nane! Nimebaki na laki tano."

Mzee huyo aliitwa Sosthenes, muuza mchele. Gerson alisoma kikaratasi chake akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kasha umenunua la ukubwa gani?"

"Kama debe la mafuta."

"Basi walitaka kukuua, baba. Kadi ya feni tatu kwenye kasha hilo ni kumvisha ng'ombe gauni la kipaimara. Wewe unataka kadi fupi, feni mbili, isiyokula umeme, maana pawasaplai yako ni ndogo. Na ram, ile kumbukumbu ya kompyuta, kama umenunua moja kubwa, ibadilishe. Weka mbili pacha, zisaidiane."

Cha ajabu, kila neno lilikuwa la kweli. Mungu alimpa kijana yule akili ya kutosha kufungua duka, naye akaitumia kufunga vigae kwenye maboksi. Ndiyo, vigae vya kuezekea. Kadi ya kweli aliiazima kwa fundi Ezekia, mtu mwenye mikono kama sururu, aliyemwambia, "Jumapili jioni isipokuwa hapa mezani, utatafuna kwa fizi." Mteja angeonyeshwa kadi, angelipa, kisha angekabidhiwa boksi jingine linalofanana na la kadi, ndani kigae kimelala kwenye sponji kama mtoto mchanga.

"Laki tano yako inatosha, baba. Kadi ninayo, mwenyewe anahama nchi."

"Basi niletee kesho kanisani kwetu hapa Mbeya, kule mlimani. Kitu kipya hakiingii kwangu bila kuombewa."

Kesho yake, getini pa kanisa, Sosthenes alifungua boksi, akaigeuza kadi, akaridhika. "Ikishaombewa, nakulipa hapahapa." Akaenda nayo mbele, akaiweka mezani katikati ya maboga na kuku.

Gerson alikaa benchi la nyuma na mkoba wake wa kigae, akingoja amina. Tangu kipaimara hakuwa amekanyaga kanisani, kwa hiyo hakujua jambo ambalo hata mtoto wa shule ya Jumapili analijua: siku ya mavuno, kilichofika mezani kimeshatolewa. Kinapigwa mnada.

Mnadi alikuwa Mama Veneranda, mwenye sauti ya kuamsha mlima Loleza. Aliuza kuku, akauza mkungu wa ndizi, akainua kadi.

"Hiki sikijui, lakini kina feni mbili! Nani anaanza?"

"Hicho changu!" Gerson akaruka.

"Haleluya, kijana anasema ni chake! Kwa shilingi ngapi?"

Kanisa zima likageuka. "Elfu... ishirini."

"Ishirini na tano," akasema Sosthenes kutoka mbele, bila kugeuka.

Walipandishana hadi themanini, na hapo mfuko wa Gerson ukaisha. Alipewa kadi, akaikumbatia, akaanza kuelekea mlangoni.

"Wapendwa!" Mama Veneranda akapaza sauti. "Malimbuko hayabebwi na mnunuzi wa kwanza. Ndugu yetu anarudisha!"

Vigelegele. Kadi ilirudi mezani kabla hajafunga mdomo.

"Natoa saa!" Gerson akalia. "Saa na jaketi!"

Akaipata tena.

"Amerudisha tena!"

"Sijarudisha!"

"Na unyenyekevu anao! Mpigieni makofi!"

Jasho likamtoka. Akainua mkono ajifute, na hapohapo akawa amenunua boga. Viatu vikaenda kulilipia. Kadi ilipoinuliwa mara ya tatu, Sosthenes akasimama taratibu.

"Elfu tisini."

"Soksi!" akasema Gerson.

"Soksi hatupokei, mwanangu. Imekwenda!"

Nje, Gerson alimkimbilia mzee pekupeku. "Baba, laki tano yangu?"

"Ya nini? Kadi nimeinunua kanisani, risiti hii hapa, ina muhuri. Wewe umetoa sadaka mara mbili, watu wameona." Sosthenes akaugonga ule mkoba kwa kidole. "Shemeji yangu wa Iringa aliuziwa boksi kama hilo mwezi wa pili. Alinisimulia ulimi wako vizuri, nikaujua kabla hujamaliza shikamoo. Nenda salama, mwanangu. Angalia kokoto."

Gerson aliteremka mlima na boga lake kwapani. Simu ikaita: Ezekia. Akaiacha. Ikaita tena. Ya tatu akavuta pumzi, akalipangusa boga vumbi kwa kiganja, akapokea.

"Fundi wangu! Kaa chini kwanza. Nimekupatia kitu hakipo duka lolote Mbeya hii. Hakipati moto, hakipigi kelele, umeme hakigusi kabisa..."